Wamesali, Hawajakaribisha

Mama ntilie alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu yangu kwa ncha za vidole, akaikuza ile picha mpaka nyuso zikajaa kioo kizima.

"Wanasali," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Bibi na mjukuu wake." Akaisukuma picha pembeni kwa kidole gumba. "Na hawa vijana wawili, ni wake pia?"

Nikamweleza kwamba hapana, hawajuani. Mgahawa umejaa, wamebanana meza moja kwa kukosa nafasi. Akatazama tena. Nyuma yake kisamvu kilikuwa kinatokota kwenye sufuria lenye masizi, tui likipanda na kushuka, na binti yake alikuwa anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Tulikuwa Likombe, Manispaa ya Mtwara Mikindani, saa sita na nusu mchana, mwezi wa Novemba. Huo ni msimu wa korosho, wakati ambao hata mwenye madeni hupita barabara kuu bila kujificha.

"Basi hajawakaribisha," akasema, akanirudishia simu. "Ndiyo maana wanamkodolea macho hivyo."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu picha hiyo, za wajuzi wa sanaa, za watu wa mnada, hata za wahubiri. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Kwa Kiingereza picha inaitwa Saying Grace. Sisi tungesema Kuombea Chakula. Aliyeichora ni Norman Rockwell, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1894 na kufariki mwaka 1978. Ilitoka kwenye jalada la jarida la The Saturday Evening Post, toleo la tarehe 24 Novemba 1951, kwa ajili ya sikukuu yao ya Shukrani ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Ni mgahawa wa kawaida kabisa, karibu na stesheni. Dirishani kumeandikwa neno la mgahawa, lakini tunalisoma kinyumenyume kwa kuwa sisi watazamaji tumo ndani. Nje ni yadi ya treni, kijivu kitupu. Katikati ya wanaume wenye makoti na sigara, bibi mmoja na mvulana mdogo wameinamisha vichwa. Mzigo wao wa safari uko sakafuni. Upande wa pili wa meza hiyo hiyo wamekaa vijana wawili, mmoja sigara mdomoni, na macho yao hayabanduki kwa yule bibi. Wengine nao wametulia wanamtazama.

Kwa haraka utasema ni picha ya bibi anayesali. Mimi kadiri ninavyoiangalia ndivyo ninavyoona ni picha ya watu wanaotazama. Bibi amepewa uso ulioinama, hauna mengi ya kusema. Kazi ya nyuso wamepewa wengine. Hawamcheki. Wala hawajaguswa kiasi cha kufumba macho na wao. Wamepigwa butwaa kidogo tu, kama mtu aliyesikia wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba jikoni zamani, sasa anajaribu kukumbuka ni upi.

Wazo halikuwa la Rockwell. Msomaji mmoja wa Philadelphia alimwandikia barua kueleza jinsi alivyoiona familia ya Wamennonite ikiombea chakula ndani ya mgahawa wa mjini, ule wa kutumbukiza sarafu: kijimlango cha kioo kinafunguka, unachukua sahani yako, unakwenda kukaa bila kuonana na mpishi. Mtu wa Likombe akisikia habari za mgahawa kama huo huuliza swali moja tu: sasa ukitaka kuongezewa mchuzi unamwambia nani?

Wamennonite si wageni kwetu. Mwaka 1934 wamisionari wao kutoka Pennsylvania walifika Shirati, mkoani Mara, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, na kutoka hapo likakua Kanisa la Mennonite Tanzania. Kwa hiyo miaka 17 kabla watu wa mgahawani hawajachorwa wakimshangaa bibi anayeinamisha kichwa, ndugu zake wa imani walikuwa tayari wanainamisha vichwa mbele ya ugali na samaki wa ziwani, na sidhani kama kuna aliyeacha kula ili awatazame.

Rockwell alikuwa fundi wa kupanga. Alileta meza na viti halisi vya mgahawa mpaka kwenye karakana yake kijijini Arlington, jimbo la Vermont. Akawaita majirani waje kukaa, akawapiga picha, kisha akachora akiangalia zile picha. Mmoja wa wale vijana wawili ni mwanawe wa kwanza, Jarvis. Kwa maneno mengine, watu wale hawakuwahi kukutana mgahawani siku yoyote. Bibi ametoka huku, dirisha kule, yadi ya treni kwingine kabisa. Na huo ndio mchezo wa kazi yake yote: Marekani aliyoichora, yenye madaktari wapole, mbwa wasiouma na watoto wenye magoti yaliyochubuka, ilikuwa Marekani aliyoitamani. Mwenyewe alikiri hivyo. Hakuwa hata mtu wa kuhudhuria kanisani.

Wasomaji wa jarida hawakujali. Mwaka 1955 walipoulizwa ni jalada lipi la Rockwell wanalolipenda kuliko yote, walilitaja hili. Desemba 2013 picha yenyewe, ile ya rangi za mafuta, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini New York kwa dola milioni 46. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 70. Nilipomtajia mama ntilie bei hiyo aliguna tu, akaendelea kukoroga. Kuna tarakimu ambazo hazimshangazi mtu kwa sababu hazina pa kushikia.

Nina nadharia yangu kuhusu picha za namna hii. Kitu huchorwa pale watu wanapoanza kukishangaa. Mwaka 1951 Mmarekani alikuwa anaingiza televisheni sebuleni na gari barazani. Treni ya abiria ilikuwa inaanza kuzeeka, na kula nje ya nyumba kulikuwa kumegeuka jambo la haraka, la wageni kukaa na wageni. Sala ya mezani ilikuwa bado ipo, lakini majumbani. Ilipotokeza hadharani ilionekana. Kama wale vijana wangekuwa wanaombea chakula na wao, kusingekuwa na picha. Kungekuwa na watu wanne wanaokula.

Mwaka ule ule, Januari, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mradi wake wa karanga katika Tanganyika umeshindwa. Vijana wa leo wanaujua kama swali la mtihani. Ulikuwa mradi wa kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita, na ulimeza mamilioni ya pauni kabla ya kutoa karanga za kutosha hata kwa mbegu. Kwetu kusini uliacha mambo mawili: bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ipo mpaka leo. Reli ilikosa mzigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa.

Lakini mjini Mtwara kuna kata inayoitwa Reli mpaka leo. Mtoto anaweza kuzaliwa Reli, akasoma, akaoa, asione treni mpaka siku atakayokwenda Dar es Salaam. Sisi wa kusini hatukuhitaji Rockwell atuchoree yadi ya treni. Tulibaki na jina la reli, na kila siku tunalitaja kwa dereva wa bodaboda. Sijui kama kuna kumbukumbu iliyo nyepesi kubeba kuliko hiyo.

Nilikwenda Majengo siku iliyofuata, kwenye Kanisa la Mtakatifu Paulo. Ukipita nje hutalitilia maanani: jengo kubwa la kawaida, kama makanisa mengine ya misheni. Ingia ndani. Ukuta wote wa mbele na kuta za pembeni zimejaa watu. Ni visa vya Biblia, vya ukubwa wa kukufanya urudi nyuma hatua mbili, katika rangi kali ambazo mchana, jua likiingia, zinaonekana kana kwamba zimepakwa asubuhi ya leo. Aliyezichora ni padre Mjerumani, Polycarp Uehlein, na kazi ilimchukua takriban miaka miwili. Amepaka kuta nyingine za makanisa kusini nzima: Nyangao, Lindi, Malolo, Ngapa, na hata Dar es Salaam.

Hizi nazo ni picha za masimulizi. Zilichaguliwa ili muumini anayesikiliza mahubiri awe na mahali pa kuweka macho, na akiondoka aondoke na kisa kinachofanana na maisha yake. Sifa kubwa ya Uehlein ni kwamba watu wake hawakufungwa kwenye taifa fulani: Mtume anaweza kuwa wa Yerusalemu, wa Bavaria au wa Newala. Nilikaa kwenye benchi la tatu kutoka nyuma. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anafagia, anapita chini ya miguu ya watakatifu bila kuinua uso, fagio linakwenda kwa mwendo wake. Amewazoea kama mtu anavyowazoea majirani.

Nikajiuliza kama Rockwell angemchora nani pale. Nadhani angemchora yeye.

Uehlein aliwafundisha vijana wa huku uchoraji, na anayejulikana zaidi kati yao ni Henry Likonde wa Mtwara. Yeye alichukua visa vile vile vya Biblia akavivalisha Uafrika waziwazi. Kazi yake ipo kwenye kanisa kuu la Songea, na ipo pia kwenye kanisa dogo juu ya kilima Mahurunga, kusini mwa Mtwara, njia ya kuelekea Kilambo na mto Ruvuma. Ukiwa maeneo hayo Msumbiji iko ng'ambo tu, na watu wa pande mbili wana majina yale yale ya ukoo, misiba ile ile, na Kimakonde kinachovuka mto bila hati ya kusafiria.

Hebu fikiria safari ya kitu kimoja. Kisa kimetoka Palestina, kikapita Roma, kikafika kwenye abasia za Wabenediktini Ujerumani, kikapanda meli mpaka pwani yetu, kikafika Ndanda mwaka 1906 walipoanzisha misheni yao, na miongo mingi baadaye kikaja kukaa juu ya kilima cha Mahurunga katika sura za watu wa Mahurunga. Rockwell hakulazimika kuvuka chochote. Mfano wake alikuwa jirani, kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara, mteja alikuwa Mmarekani mwenzake. Likonde alianza na picha iliyokwisha kuchorwa na mgeni, akalazimika kumrudisha mgeni taratibu mpaka mlangoni na kubaki na kile alicholeta. Kwangu hiyo ni kazi ngumu zaidi, ingawa hakuna aliyeipeleka mnadani.

Hata hivyo, kwenye kuta za Majengo kuna kitu nilichokikosa, na lazima niseme. Hakuna mtu asiyesali. Wote waliomo wamo ndani ya kisa. Wanaamini, wanasaliti, wanalia, wanapona. Hakuna aliyekaa pembeni na sigara. Kuta za kanisa haziwezi kulaumiwa kwa hilo, ni kuta za kanisa. Lakini maisha ya Mtwara hayakukaa hivyo. Huku pwani wengi ni Waislamu, na Wakristo wako kila nyumba ya tatu au ya nne, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Mjomba anaitwa Hassani, shangazi Anastasia. Mwezi wa Ramadhani asiyefunga hula ndani mlango ukiwa umerudishwa, si kwa amri ya mtu, ni haya tu. Krismasi ikifika pilau inavuka uchochoro kwenye hotpoti, na hotpoti hairudi tupu. Imani zetu huonekana vizuri zaidi zikiwa zinapishana mlangoni.

Rockwell naye alilijaribu hilo mara moja, akashindwa. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alichora picha nne za uhuru wa aina nne aliokuwa ameutaja Rais Franklin Roosevelt kwenye hotuba yake ya Januari 1941. Zilizungushwa nchi nzima na kusaidia kuuza hati za mkopo wa vita za zaidi ya dola milioni 130. Moja ilihusu uhuru wa kuabudu. Mwanzo aliipanga kwenye kinyozi: Myahudi yuko kwenye kiti ananyolewa, Mweusi na padre Mkatoliki wanasubiri zamu. Aliifanyia kazi, haikumridhisha, akaitupa. Badala yake akachora nyuso na mikono ya watu wanaosali, zimesongamana, zimegeukia upande mmoja. Ni nzuri, ina heshima, na haina kinyozi.

Mimi ningelipia nauli kuiona ile ya kwanza. Kinyozi chochote cha Mtwara Jumamosi jioni kingemwonyesha inavyokwenda: mwenye kofia ya kufuma anasubiri, mwenye rozari shingoni ananyolewa, redio inatangaza mpira, na ugomvi pekee uliopo ni Simba na Yanga.

Aliyekaribia zaidi kuyachora maisha hayo ni mtu wa mkoa wetu, na alifanya hivyo kwa kuwaweka mashetani mahali pa watu. George Lilanga alizaliwa Kikwetu, wilaya ya Masasi, mwaka 1934, akakua akichonga kama Wamakonde wenzake. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na sista Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt. Mlinzi akaanza kuonyesha anachoweza, na muda si muda akawa mmoja wa wasanii wa nyumba ile. Alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimeshatembea Ulaya, Japani na Marekani.

Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa, matumbo ya mviringo na vidole vichache, na wanafanya kila tunachofanya sisi. Wanakwenda hospitali, wanabebana, wanagombana, wanacheza ngoma, wanatwanga, wanasubiri gari. Hawatishi. Ukiwaangalia sana unaanza kuwatambua: huyu ni yule mjumbe wa mtaa, huyu ni mama mwenye nyumba siku ya kodi. Nadhani ndiyo maana alisalimika na kile kinachomsumbua Rockwell mpaka leo, yaani utamu kupita kiasi. Ni vigumu kumpamba shetani akawa mtakatifu wa kwenye kalenda.

Na utamu huo ulikuwa na gharama. The Saturday Evening Post lilikuwa na mwiko: Mweusi akionekana kwenye jalada, awe mhudumu. Rockwell mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliwahi kuambiwa amfute mtu Mweusi kwenye picha kwa sababu hiyo. Rudi mgahawani sasa, hesabu vichwa. Wote ni weupe. Mgahawa ule wenye amani ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mtu wa kuzuiwa.

Alipoachana na jarida hilo mwaka 1963 alikuwa na miaka 69, umri wa kustaafu na kulea wajukuu. Januari mwaka uliofuata jarida la Look likachapisha picha yake ya msichana Mweusi wa miaka sita aliyevaa gauni jeupe, anakwenda shule akisindikizwa na maofisa wanne wa serikali ambao vichwa vyao havionekani. Ukutani nyuma yake kuna tusi na doa la nyanya iliyorushwa. Ni kisa cha kweli cha Ruby Bridges wa New Orleans mwaka 1960. Ukiweka picha hizi mbili pamoja unaona ufundi ni ule ule: mtoto katikati, watu wazima pembeni. Tofauti ni kwamba safari hii wanaotazama wametolewa kwenye fremu. Waliorusha nyanya wamesimama tulipo sisi. Mwaka 2011 picha hiyo ilitundikwa Ikulu ya Marekani wakati wa Barack Obama, na Ruby Bridges mwenyewe akaja kuitazama akiwa mtu mzima.

Nayasema haya kwa tahadhari, maana na mimi hapa nimekuwa nikipaka sukari. Nimetaja hotpoti la pilau. Sijataja Mei 2013, miezi michache kabla ya ule mnada wa New York, Mtwara ilipowaka kwa ajili ya bomba la gesi, matairi yakachomwa barabarani, watu wakafa. Sijataja Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka kutoka Cabo Delgado wakavamia Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma, wakaua na kuchoma nyumba wakidai wanafanya kwa jina la dini. Anayetaka kuchora imani ya pwani hii na kuyaacha hayo nje, achore tu, lakini ajue ameyaacha.

Na bado sala ya mezani ipo, kila mchana, na ndiyo iliyonirudisha Likombe kwa yule mama siku ya tatu.

Kibanda chake kina mabenchi mawili na meza moja ndefu iliyofunikwa plastiki ya maua. Kulikuwa na ming'oko iliyochemshwa kwenye beseni, ile mizizi ya porini ambayo mtu wa kusini akiwa Dar huota usiku, pamoja na kachumbari ya pilipili pembeni. Kulikuwa na ugali wa muhogo, kisamvu, na changu wa kukaanga. Waliingia vijana wanne wa kubeba mizigo, nguo zimejaa vumbi la magunia. Walinawa kwa zamu, mmoja akimmiminia mwenzake maji kwa kopo. Sahani ya ugali ililetwa moja, ya watu wote wanne.

Nilikuwa nimekaa nikiwa tayari. Simu mfukoni, daftari gotini, macho yote kwao. Mmoja alisema bismillahi, kwa sauti ya mtu anayehema. Wa pembeni yake alipiga ishara ya msalaba haraka, kidole kikigusa paji la uso na tumbo bila kumaliza mabega yote mawili, maana mkono ulikuwa umeshaelekea kwenye ugali. Wa tatu sikumsikia akisema lolote. Wa nne alikuwa ameshatia tonge mdomoni. Yote hayo yalikwisha kwa muda ambao chumvi hutumia kuanguka kutoka vidoleni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Binti alikuwa anapepea mkaa, mama anahesabu chenji.

Nilijiambia: haya, chora hilo. Mchoraji angeshika wapi? Hakuna macho yaliyotulia, hakuna kichwa kilichoinama kwa muda wa kutosha kukipatia kivuli. Nyuso zote zilikuwa sahanini. Kama nadharia yangu ina ukweli, basi picha hiyo itakuja siku ambayo kijana mmoja wa Likombe atasema bismillahi na wenzake watatu wataacha kula wamwangalie. Sina haraka nayo.

Yule aliyeanza kula kabla ya wote ndiye aliyeniona. "Karibu, mzee," akasema, mdomo umejaa, akisogeza sahani kidogo upande wangu.

"Starehe," nikajibu, kama ilivyo ada.

"Karibu bwana, usitutazame tu."

Wakacheka. Mama ntilie alikuja na kuweka mbele yangu sahani yangu, ambayo nilikuwa nimeiagiza nikaisahau. Akasimama pale, mkono kiunoni.

"Ile picha yako ya jana," akasema.

"Juzi, mama."

"Ya juzi. Huyo aliyechora alikuwa amekaa wapi?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha. Hapa, mama, upande wetu huu, meza ya jirani, kwa hiyo bibi hamwoni lakini yeye anawaona wote. Akainama, akapima pale nilipogusa, kisha akapima benchi nililokalia na ile meza ya wabeba mizigo.

"Na yeye hakula?"

"Sijui kama alikula."

"Mh," akasema. "Kula basi wewe, samaki anapoa."